Hii Nywele Umeifanyia Nini?

Kenyatta Market, Jumamosi moja ya Desemba. Wasusi watatu wamenizunguka, kila mmoja na upande wake, na udaku umenoga. Halafu yule aliyekuwa nyuma yangu, akigawanya nywele za utosini, akanyamaza. Akagusa pale kwa ncha ya kitana. Akauliza, "Dadangu, hii nywele umeifanyia nini?"

Nikamwambia sijaifanyia kitu. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kubishana na mteja kabla ya kulipwa, akaendelea kusuka. Nilipolalamika kwamba pale anapovuta panachoma, aliniambia ukitaka uzuri sharti udhurike. Basi nikadhurika kwa saa nne, nikalipa, nikapanda matatu nikarudi Umoja.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo na watu wengi. Mamangu aliniuliza kwa simu. Kijana wa duka la dawa aliniuliza huku akinitafutia mafuta ya mapunye. Daktari wa kwanza aliniuliza bila kuinua macho kutoka kwa kompyuta. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, lakini jibu walikuwa nalo tayari kabla sijafungua mdomo: umejiharibu mwenyewe. Nikaanza kutafuta ni nani aliyeuliza wa kwanza. Chuo niliacha mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, ila tabia ya kukesha nikisoma makala za madaktari za miaka iliyopita ilibaki nami. Hiyo hawakuweza kuizuilia kwa ofisi ya fedha.

Kwanza ujue ninachoongelea. Nywele zikitoka, mara nyingi tundu ambalo unywele huota ndani yake bado li hai. Mwanasiasa wa Marekani Ayanna Pressley alipojitokeza Januari 2020 bila unywele hata mmoja, aina yake ya upara ilikuwa hivyo: kinga ya mwili inashambulia nywele lakini haiui tundu. Wangu ni wa aina nyingine. Uvimbe mdogo unaizunguka ile tundu chini ya ngozi, na ukipoa unaacha kovu. Palipo na kovu haitaota tena, upake mafuta ya mbarika, upake maji ya kitunguu, uombe, ufunge. Ngozi inakuwa laini, inang'aa, na vitundu havionekani tena. Aina inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika huanzia utosini na kupanuka polepole kama duara. Wengine huwashwa, wengine huhisi kuungua, wengine hawahisi chochote kwa miaka, wanaona tu nywele za katikati zinakatika na kubaki fupi.

Mimi nilikuwa wa kukatika. Na kwa mwaka mzima nilifanya yale ambayo kila mtu hufanya: nikaosha na maji ya mchele, nikameza vidonge vya nywele, nikabadilisha msusi.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1968, ambao ndio aliozaliwa mamangu, madaktari watatu wa Marekani, LoPresti, Papa na Kligman, waliandika katika jarida la Archives of Dermatology kuhusu upara waliouona kwa wanawake weusi. Unaanza utosini, unapanuka, haurudi nyuma. Wakaupa jina la kifaa: upara wa kitana cha moto. Maelezo yao hayakuwa magumu. Mwanamke anapaka mafuta mazito, anapitisha chuma cha moto, mafuta yanayeyuka na kuteremka hadi ndani ya tundu la unywele, yanaunguza, tundu linakufa. Ukiwa umewahi kuketi kwenye kigoda jikoni Jumamosi usiku, kitana kiko juu ya jiko la makaa na shangazi anakushikilia sikio usichomeke, unayaamini hayo bila kuuliza. Harufu yenyewe ni ushahidi.

Lile jina la tatu, Kligman, halikuniacha nilale. Kama unapaka tretinoin usiku kwa sababu ya chunusi au madoa, umekutana na kazi ya Albert Kligman. Huyo huyo aliendesha majaribio katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia kuanzia mwaka 1951 hadi 1974, juu ya ngozi za wafungwa, wengi wao watu weusi, waliolipwa vijisenti ili wapakwe na kudungwa vitu ambavyo mara nyingi hawakuelezwa ni nini. Kitengo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliomba msamaha mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka uliofuata. Kligman mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2010. Sisemi makala ya 1968 ni ya uongo kwa sababu ya gereza lile. Madaktari hawa waliona ugonjwa uliokuwepo kweli, wakaueleza vizuri, na duara waliyoichora ndiyo iliyo kichwani mwangu. Ninachosema ni kwamba nilipojua ni nani aliyekuwa kwenye meza siku jina hilo linapewa, nilikasirika hadi nikazima simu. Mtu mwenye miaka mingi ya kuzifanyia vitu ngozi za watu weusi ndiye aliyesaini makala inayosema wanawake weusi wamejifanyia wenyewe.

Na jina lina nguvu. Likishataja kitana, daktari hana haja ya kutafuta zaidi. Anakuambia uache kitana. Ukirudi baada ya miezi sita na duara imepanuka, anajua umedanganya.

Mwaka huo huo wa 1968, mwezi wa Oktoba, huku kwetu Afrika Mashariki kulikuwa na kesi nyingine ya vichwa vya wanawake. Umoja wa Vijana wa TANU jijini Dar es Salaam ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua na mawigi vingepigwa marufuku kama utamaduni wa kigeni. Watu wameandika mengi kuhusu zile sketi. Mimi nawaza kuhusu mawigi. Lazima Kariakoo kulikuwa na mwanamke, hata mmoja tu, aliyevaa wigi kwa sababu chini yake kulikuwa na duara linalong'aa. Alipoambiwa avue unyonge wa kikoloni, alimjibu nini yule kijana?

Tukienda nyuma zaidi tunampata Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Sarah Breedlove huko Louisiana mwaka 1867. Anasifiwa au analaumiwa kwamba ndiye aliyevumbua kitana cha moto. Hakukivumbua, vyuma vya moto vya nywele vilikuwa vikitumika Ufaransa karne ya 19. Kitu kilichomwanzisha ni upara. Miaka ya 1890 nywele zake zilikuwa zikitoka, akawa anatafuta dawa, na bidhaa iliyomtajirisha ilikuwa ya kuotesha nywele. Upara wake ulikuwa wa aina gani hatutajua. Lakini biashara kubwa kabisa ya nywele za mwanamke mweusi ya zama zile ilianzia hapo, kwa mwanamke aliyekuwa akikagua utosi wake.

Nyumbani kwetu Murang'a hatukuwa na Madam Walker. Tulikuwa na shosho.

Shosho hakuwahi kupitisha kitana cha moto kichwani, wala dawa ya nywele. Alinyoa, na zikiota kidogo alifunga leso. Nilikuwa na miaka kama kumi na mbili nilipomsaidia mamangu kumwosha, miezi michache kabla hajafariki, na nikaona utosi wake. Ulikuwa laini kama kiganja. Pembeni kulikuwa na nywele nyeupe fupi, katikati hakuna kitu. Nikamuuliza mamangu nje, naye akanijibu bila kufikiria: ni mzigo. Wanawake wa rika la shosho walibeba kuni na maji mgongoni kwa ukanda unaopita juu ya kichwa, na ukanda huo huacha alama. Wengine walizeeka na bonde kwenye paji. Kwa hivyo shosho alimalizwa nywele na ukanda.

Mamangu alimalizwa na kalikiti. Hiyo ndiyo hadithi tuliyokua nayo. Kuna picha yake ya mwaka 1991, mabega ya blauzi yamelowa mafuta, nywele zina mawimbi yanayometameta, amependeza hadi inauma. Kufikia nilipoanza shule ya msingi alikuwa mtu wa kilemba. Kilemba cha kanisani, kilemba cha shambani, kilemba cha kulalia. Dada zake walikuwa wakisema, si kwa ubaya, "Huyu alipenda saluni sana." Naye alicheka pamoja nao. Nilidhani anacheka.

Na mimi, msusi alishasema. Nimemalizwa na kusuka.

Vizazi vitatu, duara moja, na kila kizazi kina kifaa chake cha kulaumiwa. Ajabu ni kwamba nilihitaji makala za watu wa ng'ambo ili nione kilichokuwa sebuleni kwetu. Wanawake wa ukoo wetu walikuwa wakinyoa tangu enzi za kina cucu wa shosho, na kichwa kilichonyolewa hakina duara. Ni kichwa tu. Labda ugonjwa huu ulitembea nasi miaka mingi bila kuhitaji jina, hadi siku tulipoanza kufuga nywele na picha ikapigwa.

Mwaka 1992 madaktari wawili, Sperling na Sau, walirudi kwenye jarida lile lile la mwaka 1968 na kusahihisha. Waliwachunguza wagonjwa wao, wakakuta kwamba kitana cha moto na upara havikwenda pamoja kama ilivyodaiwa: kutumia kitana hakukulingana vizuri na kuanza kwa upara wala na kuenea kwake. Chini ya darubini waliona kitu kingine, ala ya ndani inayouzunguka unywele ikibomoka kabla ya wakati wake, tena hata mahali ambapo uvimbe bado haujafika. Wakapendekeza jina jipya lisilotaja kifaa. Miaka miwili baadaye Sperling na wenzake wakaandika kuhusu wanaume wenye ugonjwa huo huo. Hapo nilisimama nikaenda kupika chai. Wanaume.

Mwaka 2001, kwenye mkutano wa watafiti wa nywele katika Chuo Kikuu cha Duke, walikubaliana kuhusu jina linalotumika hadi leo. Kwa Kiswahili changu ni upara wa kovu unaoanzia katikati na kusambaa nje. Ni jina refu lisilo na ladha, na nalipenda kwa sababu hiyo. Linasema ni wapi na vipi. Halisemi ni nani.

Sehemu inayofuata inatoka Durban. Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal alifanya jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya nusu karne kabla: aliwauliza wagonjwa kuhusu familia zao na kuviangalia vichwa vya jamaa zao. Mwaka 2014 yeye na wenzake walionyesha kwamba katika familia za weusi wa Afrika Kusini ugonjwa huu unaweza kurithiwa moja kwa moja kutoka kwa mzazi. Mwaka 2019, pamoja na watafiti wa Israeli na Marekani, walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya kupima jeni za wanawake 58. Kati yao 14, karibu robo, walikuwa na hitilafu kwenye jeni moja iitwayo PADI3. Jeni hiyo hutoa kimeng'enya kinachosaidia kuunda umbo la unywele unapoota. Jeni hiyo hiyo ilikuwa imetajwa mwaka 2016 kuhusu watoto ambao nywele zao husimama ovyo na hazichaniki kabisa. Nilicheka peke yangu saa nane usiku. Baada ya lawama yote kwa kitana, tunaishia kwa jeni ya nywele zisizochanika.

Robo si wote, najua. Robo tatu ya wanawake hao hawakuwa na hitilafu hiyo, na hakuna aliyewaambia chanzo chao. Wala kitana, dawa na misuko ya kuvuta havijatangazwa kuwa malaika. Kusuka kwa kukaza kunaharibu nywele za pembeni mwa uso, hilo halina ubishi, na kama tundu ni dhaifu tangu kuzaliwa, moto na kuvutwa havitalisaidia. Nimeacha kusuka. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "hii itakuzidishia" na kumwambia "wewe ndiye uliyejileta hapa".

Daktari wa pili, mama mmoja mpole katika kliniki ya ngozi, ndiye aliyenionyesha tofauti hiyo. Hakuuliza nimeifanyia nini. Aliuliza, "Mama yako nywele zake zikoje? Na mama yake?" Nilikaa kimya muda mrefu hadi akanisogezea tishu.

Alinifanyia biopsi: sindano ya ganzi, kisha kipande cha ngozi cha milimita 4, nyuzi mbili. Aliichukua pembeni mwa duara, si katikati, kwa sababu katikati kovu limeshamaliza kazi na halina la kusema. Ugonjwa ulio hai uko ukingoni. Hilo lilinila kodi ya mwezi. Niliandika makala manne kuhusu magodoro ili nilipe. Baada ya majibu nikaanza doksisaiklini, ambayo humeza na maji mengi na hulali papo hapo, la sivyo koo litakukumbusha. Mafuta makali ya steroidi. Na sindano za steroidi utosini kila baada ya wiki kadhaa. Zinauma. Hakuna njia nyingine ya kuisema. Lengo si kurudisha zilizokwenda, ni kuzuia duara lisipanuke, na daktari aliniambia hivyo siku ya kwanza, nikamheshimu kwa hilo. Wote walioniuzia mafuta waliniahidi zaidi.

Utafiti unaendelea. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins waliandika kuhusu wagonjwa 12 waliopewa metformini kwa dozi ndogo, dawa ile ile ya kisukari, na baadhi wakaota nywele kidogo. Ni watu 12 tu. Tafadhali usimeze za babako.

Hospitali hiyo hiyo ya Johns Hopkins, mwaka 2018, ilikuwa imetoa jambo jingine lililonigusa zaidi. Walipitia rekodi za wanawake weusi karibu nusu milioni. Kati ya wenye upara huu, asilimia 13.9 walikuwa na uvimbe wa kizazi, wale wa faibroidi. Kati ya wasio nao, asilimia 3.3. Haimaanishi kimoja kinaleta kingine. Inawezekana ni miili inayotengeneza kovu kupita kiasi, popote pale. Mamangu alifanyiwa upasuaji wa faibroidi nikiwa shule ya msingi. Walimwambia ni kwa sababu alichelewa kuzaa.

Nitasema pia kuhusu benchi. Marekani wagonjwa na madaktari walianzisha shirika lao la upara wa kovu mwaka 2004. Sisi tulikuwa na benchi nje ya chumba namba 6. Wiki ya sindano tulikutana pale watu wale wale: mama wa benki mwenye wigi la maana, msichana wa buibui kutoka Eastleigh, mama mboga aliyefunga kitambaa cha Arsenal. Hapo ndipo nilipojifunza ni duka gani lina dawa kwa bei nafuu, na kwamba barafu kabla ya sindano inasaidia. Yule wa benki alituambia siku moja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba ameolewa miaka kumi na moja na mumewe hajawahi kuona kichwa chake. Mama mboga akamuuliza, "Hata usiku?" Akasema hata usiku. Kisha nesi akaita jina lake, akaingia.

Nilimpigia mamangu simu jioni hiyo. Nilimsomea kuhusu Durban, polepole, nikitafsiri. Alisikiliza. Akauliza kama nimekula. Wiki mbili baadaye alinipigia, yuko stendi Murang'a, anakuja.

Hakufungua kilemba hadi mlango wa daktari ulipofungwa. Nilikuwa sijakiona kichwa hicho tangu niwe mtoto. Daktari alikipapasa, akatazama kwa kile kifaa chenye taa, akamwambia ukweli: hapa pamepoa, hakuna cha kutibu, haitapanuka tena na haitaota. Mamangu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na swali moja tu, na alimwita daktari "mwanangu" alipouliza.

"Kwa hivyo si kalikiti?"

"Huenda haikusaidia, mama. Lakini si kalikiti peke yake."

Akafunga kilemba chake, taratibu, fundo moja, fundo la pili. Tulipotoka nje alisimama kidogo kwenye jua. Nilidhani atalia, au atasema kitu kuhusu shosho. Akasema ana harusi ya binti wa dada yake mwezi ujao na hatakwenda na kilemba, wale wamemcheka vya kutosha. Tukatembea hadi Dubois Road. Alijaribu mawigi saba. La nane lilikuwa na mawimbi, yanayometameta kidogo, na muuzaji alianza na elfu nne na mia tano. Mamangu akaliweka chini, akanishika mkono kama mtu anayeondoka.